Kifungo Kimekwisha, Mtu Hatoki

Jamani, tuanze na mzee mmoja wa Kansas, kule Marekani, aitwaye Leroy Hendricks. Mwaka 1994 alikuwa anakaribia kumaliza kifungo cha kuwadhalilisha watoto. Serikali ikamfungulia kesi nyingine, ya madai safari hii, ili azuiliwe kwa hatari aliyonayo. Mwenyewe alikiri kuwa njia pekee ya uhakika ya kumzuia asirudie ni kufa. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kumzuia hivyo si adhabu. (Naona wanasheria mnatabasamu.)

Hendricks alijisema. Asiyejisema anapimwaje?

California, jimbo jingine lenye sheria kama hiyo, huwatuma wataalamu wawili wa saikolojia au magonjwa ya akili wampime mfungwa. Wakitofautiana, wanaitwa wengine wawili. Kipimo cha kukadiria nani atarudia kosa la ngono kinachotumika sana Marekani ni Static-99R, chenye maswali 10; alama zikipanda, hatari inahesabiwa kubwa zaidi. Anatoka akiwa na umri gani? Chini ya miaka 35, anaongezewa alama 1; ametimiza 60, anapunguziwa 3. Amewahi kuishi na mpenzi miaka miwili mfululizo? Mwathirika wake alikuwa mtu baki? Alikuwa wa kiume? Hakuna hata swali moja linalouliza alijifunza nini gerezani.

Sikidharau kipimo hiki; kinashinda kubahatisha kwa macho. Ila alama 6 inasimulia habari za kundi la waliowahi kupata 6: katika mia, wangapi walirudia. Huyu aliyeketi mbele yako ni wa fungu gani, karatasi haisemi. Na mpimaji naye ni binadamu. Akimwachia mtu akarudia, kesho yuko magazetini. Akimzuia ambaye asingerudia, nani atajua?

Minnesota ndiko mambo yalikoharibika. Mpango wao wa kuwazuilia watu kama Hendricks, katika miji ya Moose Lake na St. Peter, ulianza 1994, na umefikia kushikilia watu zaidi ya 700. Hadi 2015 hakuna hata mmoja aliyekuwa ameachiwa moja kwa moja. Mwaka huo Jaji Donovan Frank alisema mpango unavunja katiba, na hoja mojawapo ilikuwa nyepesi kabisa: watu waliingizwa kwa kupimwa hatari, halafu hawapimwi tena mara kwa mara kuona kama hatari bado ipo. Kijana anazeekea ndani na alama za ujana wake. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo.

Haya, maswali. Wewe wa nyuma, anza.