Dume Chotara Mpelekeni Mnadani

(Mhadhara kwa wafugaji, Igunga, Tabora)

Wangaluka! Haya, wangaluka tena, maana wale wa kule chini ya mwembe hawajaitikia.

Wazee wangu, akina mama, na nyie vijana wenye fimbo. Mwenyekiti amenipa nusu saa, nimeambiwa niongelee faida ya kupandisha ng'ombe wetu kwa mbegu za Ulaya. Faida mnaijua. Zebu wetu, huyu ng'ombe wa nundu, dume akikomaa anacheza kwenye kilo 300, tena akijaliwa. Fahali wa Simmental kule Uswisi anapita kilo 1,000. Mtoto wa hawa wawili, akilishwa, anakua haraka kuliko wa mama yake na anavumilia jua kuliko wa baba yake. Hayo sirudii. Mimi nimekuja na lile lile ninalolisema tangu nikiwa bwana mifugo, na wengine mlishanichoka nalo: yule dume chotara anayezaliwa, usimfanye fahali wa boma. Muuze.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Vuta subira mzee wangu, nitakufikia.

Nilipostaafu nilihimilisha majike yangu wanane, yaani mbegu ya Simmental iliingizwa kwa mrija, bila fahali. Wakashika mimba watano. Akazaliwa dume mmoja, mwekundu, uso mweupe kama kapakwa chokaa. Nikamwita Bwana Harusi. Alipofika miezi 18, watu wakija nyumbani hawaniamkii mimi, wanapitiliza zizini kumwona yeye. Siku moja akaja mchuuzi, akamzunguka mara mbili, akakaa, akahesabu noti mezani kwangu. Bei nzuri kabisa. Mama watoto akaninong'oneza, "Baba, pokea." Mimi sasa, bwana mifugo mzima, mwenye cheti ukutani, nikasema huyu hauzwi, huyu ni fahali. Nikazirudisha noti.

Basi akapanda. Akapanda wangu, wa jirani, wa shemeji, wa shemeji wa shemeji. Ndama wakaja, karibu nusu yao wana uso mweupe. Mtaa mzima furaha: "Wamemfuata babu yao!" Ni kweli, uso waliufuata. Walipofikisha mwaka nikachukua utepe, ule wa kuzungusha kifuani unaosoma kilo, nikapima wawili waliozaliwa wiki moja, zizi moja, malisho yale yale. Mmoja uso mweupe. Mwenzake ana nundu, rangi ya vumbi, humtofautishi na ng'ombe wa marehemu bibi yangu. Uso mweupe akasoma kilo 148. Wa nundu, 156. Nikasema utepe umepinda. Nikamshika kijana wangu, nikamwambia asimamishe vizuri, nikarudia. 148. 156.

Nikakaa chini pale pale kwenye samadi.

Sikilizeni. Uso mweupe ni jambo dogo kwenye damu. Ndama akirithi kipande kimoja tu kutoka kwa mzazi mmoja, kinaonekana. Kukua ni vipande vingi mno, na dume chotara kabeba nusu vya baba na nusu vya mama. Akipanda, anavigawa kama karata zilizochanganywa. Huyu anapata hivi, yule anapata vile, na hakuna ajuaye nani kapata nini kwa kumtazama usoni. Halafu ile nguvu ya uchotara, ile mbio mnayoishangaa kwa ndama wa kwanza, inatoka kwa wazazi wawili wasiofanana. Ukimpeleka chotara kwa jike wa kienyeji, nusu ya nguvu hiyo imeshakwenda. Mbona kwenye mahindi mnaelewa? Nani hapa anavuna mahindi ya mbegu chotara, halafu anatunza punje zile zile kupanda msimu ujao? Aliyewahi kufanya hivyo anajua alichokiona: huu mrefu, huu mfupi, huu umebeba kitu kama kidole. Kwa mahindi tuna akili, kwa ng'ombe tunaangalia sura!

Sasa mzee wangu. Najua unachotaka kuniuliza: "Mbona ng'ombe wa Mpwapwa, wale waliotengenezwa kule Dodoma, ni mchanganyiko na kizazi chake kimetulia?" Hapo umenikamata, lakini si sana. Kazi ya Mpwapwa ilianza miaka ya 1930, ng'ombe akaja kutambuliwa 1958. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kuchagua na kuondoa, kwenye kituo cha serikali, kila ndama ana namba. Na damu kubwa mle ni ya Sindhi na Sahiwal kutoka Bara Hindi, na ya zebu wetu, na ya Boran, zebu wa Kenya na Ethiopia. Ya Ulaya haifiki hata sehemu moja ya kumi! Wale walikuwa na mizani na daftari. Wewe una daftari gani? La michango ya harusi.

Na wanaosema kuuza dume mzuri ni kufukuza baraka bomani, sibishani nao. Mimi mwenyewe nilirudisha noti.

Kwa hiyo ufanyeje? Ukiwa na majike kumi, sita wapate mrija wa mbegu ya Ulaya, na ndama wao wote wa kiume wahasiwe, wanenepeshwe, waende. Wanne wabaki kwa fahali wa kienyeji aliye bora, au Boran, hao ndio watakupa mitamba ya kuendeleza kundi. Msimu ujao unarudi tena kwenye mrija. Mtamba wa mimba ya kwanza usimpe mbegu ya Charolais, ndama mkubwa atakwama, mpe ya Angus, ndama wake ni mdogo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: jike akionekana na joto asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Zebu wengi joto lao ni fupi, na huwajia usiku, kwa hiyo anayelala karibu na zizi ndiye mtaalamu wenu. Josho msiruke, ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, humwangusha chotara pale ambapo zebu anaugua tu na kusimama. Chanjo yake ipo, ni mara moja maishani. Mashudu ya pamba ya kunenepeshea mnayo hapa hapa, msiyaache yote yapande malori. Mitamba chotara ni habari ndefu, tutaiongea siku nyingine.

Nani kauliza? Sema kwa sauti. Ah, Bwana Harusi alikwenda wapi!

Nilimuuza ana miaka sita. Kiangazi kile kilikuwa kibaya, na mwili ule unataka kula, mbavu zote zilikuwa nje. Akaja mchuuzi yule yule. Akamfungua mdomo, akatazama meno, akacheka, akaniambia hii sasa ni ya supu. Noti alizotoa hazikufika zile za kwanza, na safari hii aliyezipokea na kuzihesabu ni mama watoto.