Gus Cannon na Banjo Iliyowekwa Rehani

Ndugu zangu, nitalisema tena hata mkinichoka: banjo, ala ya nyuzi jamaa ya gita, ni mali ya Mwafrika. Waliokamatwa Afrika Magharibi wakauzwa utumwani ndio walioiunda ng'ambo, kwa kibuyu, ngozi na nyuzi. Wajola wa Senegambia wanapiga akonting mpaka leo, ala ya kibuyu yenye uzi mfupi kama ule wa banjo. Hayo mmeshayasikia kwangu. Leo mjueni mtu.

Gus Cannon alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1883, mtoto wa waliokuwa watumwa. Banjo yake ya kwanza aliiunda mwenyewe: kikaango, na juu yake ngozi ya rakuni. Kikaango! Halafu mtu aniambie chombo hiki kilitoka kwa Wazungu wa milimani huko Marekani.

Alitoroka nyumbani angali kijana, akawa anatumbuiza kwenye viwanda vya mbao na kambi za wajenzi wa reli. Kuanzia 1914 akazunguka na wachuuzi wa dawa. Mchuuzi anaposimama na chupa zake, anahitaji umati; banjo ndiyo iliyouita. Msimu ukiisha, Cannon anarudi kulima na kuchimba mitaro. Mwaka 1929, mjini Memphis, bendi yake ilirekodi “Walk Right In”.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1963 kundi la Rooftop Singers liliurudia wimbo huo, ukashika namba moja Marekani nzima. Na mwenyewe? Mzee wa miaka 79, banjo yake alikuwa ameiweka rehani apate pesa za kupasha nyumba joto wakati wa baridi!

Mtaniambia, “Lakini si Stax, ile kampuni ya santuri, walimrekodi?” Walimrekodi, mwaka huohuo, santuri moja. Nakubali, na nafurahi ipo. Ila msiniambie hiyo inatosha kwa mtu aliyezunguka na banjo tangu ujana. Alifariki mwaka 1979.

Nilitaka kueleza alivyojifunga mtungi shingoni, akaupuliza huku mikono ikipiga banjo, lakini muda umekwisha. Niseme hili tu: Wazungu waliojipaka masizi usoni waliigeuza banjo kuwa chombo cha kuwadhihaki Weusi, na wengi wakaona aibu kuishika, wakahamia gita. Mwaka 2005 wapigaji Weusi walikutana Boone, North Carolina, kuidai upya. Hapo ndipo ilipochipuka bendi ya Carolina Chocolate Drops, iliyopata Grammy mwaka 2011. Watafuteni muwasikilize, kisha msikilizeni Cannon mwenyewe.