Msongo wa mawazo na tiba ya ugumba

Ndugu wasikilizaji, mwanamke anayetafuta mtoto huambiwa na mawifi, na majirani, na wakati mwingine hata na wahudumu wa afya, kwamba aache mawazo naye atashika mimba. Naomba tuipime kauli hiyo, kwa sababu inamtwisha mgonjwa lawama ya ugonjwa wake.

Mwaka 2011 Jacky Boivin wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 14, zilizohusu wanawake 3,583 waliopimwa wasiwasi na huzuni kabla ya kuanza mzunguko wa matibabu, yaani jaribio moja la tiba ya ugumba, na hawakuona kwamba hali hizo zilipunguza uwezekano wa kushika mimba. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo, wa tafiti 31, uliona uhusiano, lakini mdogo.

Ni kweli kwamba msongo mkali wa muda mrefu unaweza kuvuruga homoni za ubongo zinazoamsha ovari, hata hedhi ikasimama. Lakini katika upandikizaji wa mimba daktari hazitegemei homoni hizo: sindano ndizo zinazokuza mayai na kupanga siku ya kuyavuna, yai na mbegu hukutanishwa maabara, na matokeo hutegemea zaidi umri wa mwenye yai na ubora wa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua. Tena kwetu Afrika, ambako mirija ya uzazi iliyoziba kwa maambukizi ni chanzo kikubwa cha ugumba, hakuna utulivu wa moyo utakaoizibua, wala mbegu za mume hazitaongezeka kwa kuwa mkewe amejikaza asilie.

Madhara yaliyo wazi yako kwingine: watu huacha tiba. Hata katika nchi ambako bima hugharimia matibabu, kuchoka kiakili ni miongoni mwa sababu kuu za wenzi kukatisha njiani, na anayeacha baada ya jaribio la kwanza huikosa nafasi ambayo la pili au la tatu lingempa. Familia inayolipa kutoka mfukoni, pengine baada ya kuuza kiwanja, hubeba deni juu ya huzuni.

Kwa hiyo ninaziomba kliniki zetu zianze ushauri nasaha siku ya kwanza, mume akiwa ameketi hapohapo, na muuguzi awapigie simu katika zile takriban wiki mbili za kusubiri kipimo cha mimba, ambazo wagonjwa wengi husema ndizo ngumu kuliko sindano zote.