Mbona bado sijapanda viazi vitamu na ni mwezi wa tano?

Watu wangu wa Nairobi mko aje, najua huko sahii ni mvua na matope tu, mimi niko hapa nyuma ya nyumba, Raleigh, North Carolina, na hii kitu nimeshika ni kipimajoto, nakichomeka kwa udongo kila asubuhi kabla niende kazi. Mathe alinipigia Jumapili kutoka Kangemi akaniuliza, "Kwani hujapanda ngwaci mpaka sahii?" Nikamwambia ma, ngoja nieleze kwa video juu si wewe peke yako unauliza.

Sisi nyumbani tunaangalia mvua. Ya mwezi wa tatu ikishika, ardhi ikalowa, unaomba jirani marando, unapanda, kwisha. Huku mvua sio shida, shida ni frosti, ile sakitu ya asubuhi juu ya majani, uliza mtu wa Kinangop vile shamba ya waru inaweza kubadilika rangi usiku mmoja. Na kiazi kitamu ni mmea wa joto kabisa.

Pande hizi frosti ya mwisho kwa kawaida ni katikati ya mwezi wa nne. Mwaka wangu wa kwanza nikaona tarehe imepita, jua limewaka siku tatu, nikapanda marando yote 40. Usiku mmoja mawingu yakaisha, upepo ukatulia, kutoka asubuhi napata majani meusi yamelala kama yamemwagiwa maji moto. Nililia, juu hayo marando niliyachipuza mwenyewe kwa dirisha ya jikoni tangu mwezi wa tatu.

Kumbe ile tarehe ni wastani tu, kuna miaka frosti inachelewa, na hata isipokuja udongo unachelewa kupata joto kuliko hewa. Mimi nataka udongo ufike digrii 18 hivi, ukiwa baridi rando linakaa tu hapo halisongi, mara linaoza. Kwa hivyo nangoja wiki tatu, nne baada ya hiyo tarehe.

Lakini pia huwezi ngoja milele juu frosti ingine inarudi kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi, na kiazi kinataka siku 90 mpaka 120. Udongo ukishuka chini ya digrii 13 kiazi kinaumia kikiwa bado chini, unakuja kukichemsha masaa na katikati kinabaki kigumu, na hiyo inauma kuliko kukosa kuvuna. Mimi nachimba mwezi wa tisa. Ninayopanda inaitwa Covington, ndani ni ya chungwa kama Kabode yenu.

Sasa oneni hapa, 19, na ni siku ya nne mfululizo, usiku nao haushuki chini ya 14. Ma, marando ndio haya kwa ndoo, naanza na tuta la kando ya ua.