Kugeuza spini kwa umeme, bila kugusa sumaku

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sogeeni mbele basi, viti vipo.

Leo naongelea elektroni moja. Moja tu. Unachukua semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusunusu kama silikoni, ndani yake kuna tabaka jembamba ambapo elektroni zinatembea, juu unaweka vinyaya vya metali tunaviita mageti, ukitia volteji hasi zile elektroni za chini zinasukumwa pembeni, unaendelea kusukuma hadi unabaki na kazizi kenye upana wa nanomita 50 hivi au 100, ndani kabaki kamoja. Hako kazizi ndo doti ya kwantamu. Ukuta hauna, ni umeme umesimama pale.

Elektroni nayo ina spini, chukulia ni kisumaku kinachoelekea juu au chini, au hali zote mbili kwa mpigo. Wanafizikia Loss na DiVincenzo mwaka 1998 wakasema hiyo tuifanye kyubiti, yaani kipande kidogo kabisa cha taarifa kwenye kompyuta ya kwantamu. Sawa, ila unaigeuzaje? Spini inasikia sumaku, umeme wenyewe haiusikii. Watafiti wa Delft kule Uholanzi 2006 walipitisha mkondo kwenye waya karibu na doti, sumaku ikatoka, spini ikageuka. Shida waya unatoa joto na sisi tuko ndani ya friji ya baridi kali mno, halafu sumaku haina adabu, inasambaa mpaka kwa doti ya jirani.

Mwaka uliofuata haohao wa Delft wakaja na ujanja, na mimi hapa ndo huwa nachanganyikiwa kwa raha: waliyumbisha volteji ya geti tu, elektroni ikatikiswa huku na huku, na kwenye galiamu asenaidi, semikondakta waliyotumia, mwendo wa elektroni na spini yake vimefungamana, kwa hiyo ukitikisa kimoja na kingine kinazunguka. Robo mzunguko kwa nanosekunde kama 55. Kwenye silikoni huo mfungamano ni dhaifu, so watu wanaweka kisumaku cha kobalti pembeni, elektroni ikitikiswa inaona sumaku inabadilika.

Sasa bei yake. Mlango uliomfungulia volteji ndo huohuo kelele za umeme zinapitia, chaji moja ikihama kwenye fuwele ya semikondakta spini inapotea njia. Kwa doti mbili zinazoongea, zamani tuliinamisha moja kuelekea nyingine, yaani volteji zao hazikuwa sawa, kelele tupu. 2016 ikaonekana ukiziacha sawa ukashusha tu geti la katikati, kelele zinapungua sana.

Ndio, kaka, uliza.