Mkato Ukae Vidoleni: Mhadhara kuhusu Kibodi

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Ninaona hapa makarani, wahudumu wa saiba, yaani vibanda vya intaneti, waweka hazina wa vyama na wanafunzi wanaoandika tasnifu usiku. Kibodi ndiyo jembe lenu. Sitawagawia orodha ya mikato mia moja, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja kutoa amri bila kipanya. Orodha hizo mnazo, zimebandikwa ukutani na hakuna anayezitazama.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1980 watafiti watatu, Card, Moran na Newell, walichapisha vipimo vya kazi ya kompyuta kwa sekunde. Kubonyeza kitufe kimoja, kwa mpiga chapa wa kawaida, ni sekunde 0.2 hivi. Kuhamisha mkono kutoka kibodi hadi kipanya, 0.4. Kulenga kitu kwenye skrini, 1.1. Kujiandaa akilini kabla ya tendo, 1.35. Sasa nakili neno kwa kipanya: mkono utoke, ubofye kulia, ulenge amri, ubofye, urudi. Jumla 2.3. Ctrl+C ni vitufe viwili, 0.4. Ukinakili mara 200 kwa siku umeokoa dakika sita na ushei. Anayewaahidi saa mbili anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini tazameni ile 1.35. Ndiyo ghali kuliko zote. Mkato unaokufanya usimame na kuwaza "ilikuwa Ctrl na nini tena?" umeshakula sehemu kubwa ya faida yake. Kwa hiyo tendo unalolifanya mara 50 kwa siku lipe mkato, ujifunze hadi vidole vijue njia vyenyewe. Tendo la mara moja kwa wiki liachie kipanya, wala usione haya.

Ctrl+C na Ctrl+V karibu kila mtu humu anazijua. Z, X, C na V zimepangana chini ya mkono wa kushoto, ndiyo maana kubandika kumepewa V ingawa herufi hiyo haianzishi neno lolote la maana hiyo. Muda unapotea kabla ya hapo, kwenye kuteua maandishi. Mtu anaburuta kipanya, anapitiliza mstari, anaanza upya. Shikeni kanuni mbili tu. Ctrl hurefusha hatua: mshale peke yake husogea herufi moja, Ctrl na mshale husogea neno zima. Shift hushika: ukiiongeza, kila unapopita panateuliwa. Basi Ctrl+Shift na mshale wa kulia huteua neno, Shift+End huteua hadi mwisho wa mstari, Ctrl+Shift+End hadi mwisho wa waraka. Ctrl+Backspace hufuta neno zima nyuma yako. Hamna haja ya kukariri. Ni vitufe vilevile vinavyounganishwa.

Kuna mtego mmoja, na wahudumu wa saiba wanaujua mwezi Juni, foleni ya ritani inapofika mlangoni. PIN ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, ina herufi na tarakimu 11. Ukiiteua kwenye Word kwa Ctrl+Shift na mshale, nafasi tupu inayoifuata huteuliwa pia. Ukiibandika kwenye fomu, nafasi hiyo inakwenda nayo, na baadhi ya fomu huikataa PIN iliyo sahihi kabisa. Kabla ya kunakili, bonyeza Shift na mshale wa kushoto mara moja, nafasi iachwe.

Kwenye Excel kanuni ni ileile. Ctrl na mshale wa chini hukupeleka mwisho wa safu, ila husimama penye seli tupu. Alt na alama ya sawasawa hujumlisha, na nayo hudanganywa na pengo hilohilo: mwanachama mmoja asipoandikiwa mchango, jumla inaweza kuanzia chini yake na wote walio juu wakaachwa. Andika 0, usiache wazi. Ctrl na nukta mkato huweka tarehe ya leo, na kesho haitabadilika. Nambari za simu zinazopoteza sifuri ya mbele zina dawa: Ctrl+Space uteue safu, Ctrl+1, chagua aina ya maandishi, ndipo uanze kuandika. Ukishaandika kwanza, sifuri hairudi yenyewe.

Sasa mambo yanayowafanya watu waikimbie kibodi. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, Windows huuliza kama unataka vitufe vinavyonata (Sticky Keys). Ukikubali bila kusoma, kila kitu kitaonekana kimerogwa. Bonyeza tena mara tano kuzima. Mishale ya Excel ikisogeza ukurasa mzima badala ya seli, Scroll Lock imewaka. F2, ya kuhariri seli, ikiongeza sauti au mwanga wa laptopu, shika Fn pamoja nayo. Skrini ikipinduka, kwenye baadhi ya mashine za zamani zenye michoro ya Intel, kuna aliyebonyeza Ctrl+Alt na mshale. Mshale wa juu huirudisha.

Na hili la kompyuta za mtumba kutoka Uingereza, ambazo jiji hili limejaa. Kibodi yake imechorwa kwa mpangilio wa Uingereza, Windows imepangwa kwa ule wa Marekani. Unabonyeza kitufe chenye @, inatoka alama ya kunukuu. Kwenye barua utaiona, kwenye nywila huioni, kwa kuwa kila herufi ni nukta. Mteja anaambiwa amesahau nywila yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kumbe ameiandika vizuri kabisa. Ijaribu alama hiyo mahali panapoonekana kwanza. Kama mipangilio yote miwili imewekwa, Windows+Space huibadilisha.

Ctrl+S sitaieleza sana. Anayefanya kazi pasipo betri anajua stima ikipotea huwaje: mwisho wa kila aya, vidole viibonyeze bila kuulizwa.

Niishie kwa Windows+V, kwa sababu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kwenye mashine ya umma. Ukiiwasha, kompyuta hukumbuka hadi vitu 25 ulivyonakili. Kwa karani ni neema: nakili jina, kitambulisho na simu kwa mpigo, kisha vibandike kimoja kimoja. Saibani, mteja wa pili akibonyeza Windows+V anaweza kukuta kitambulisho cha wa kwanza, pengine na nywila, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Mfungulie kila mteja dirisha la faragha kwa Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, lakini msikie vizuri: dirisha hilo halifuti faili alizopakua wala alivyonakili. Akiondoka, funga madirisha yote ya faragha, bonyeza Windows+E kufungua dirisha la faili, ufute alichoacha kwenye folda ya vipakuliwa, usisahau pipa la taka, kisha Windows+V na uchague kufuta vyote. Vilivyobanwa kwa pini havitafutika hivyo. Hivyo viondolewe kimoja kimoja.

Maswali?