Bolti Kwanza, Beringi Baadaye

Asanteni kwa kufika, hasa nyinyi mliokuja na viatu vyenu vya magurudumu mkononi. Leo siwasemeshi wa mbio za barabarani. Nasema na nyinyi mnaorukia vyuma vya ngazi na kingo za saruji, mnaoteleza kwa plastiki ya kiatu chenyewe huku magurudumu yakining'inia.

Nikiuliza matunzo ni nini, wengi mtajibu: kuosha beringi. Sikatai. Lakini beringi chafu itakupunguzia mwendo tu. Fremu, ile reli inayobeba magurudumu, ikichomoka hewani, kifundo cha mguu ndicho kitakacholipa. Basi tuanzie chini ya soli.

Viatu vingi vya mtindo huu vina mfumo wa UFS, unaokuruhusu kufunga fremu ya kampuni moja kwenye buti la kampuni nyingine. Jambo zuri. Ila fremu yenyewe inashikwa na bolti mbili, mbele na kisigino, basi. Kila unapotua, kishindo chote kinapita hapo. Zipime kwa spana ya alenki kila kabla ya kuteleza. Wala usikaze kwa hasira: nati ikianza kuzunguka ndani ya plastiki, kuitoa fremu hiyo ni kazi ya drili.

Sasa pitisha kidole kwenye kibao cha pembeni mwa soli, kile kinachosugua chuma. Plastiki inalika, vichwa vya skrubu haviliki kwa kasi hiyo. Ukihisi kichwa kimejitokeza, kibao kimekwisha muda wake. Kichwa hicho kitanasa kwenye ukingo wewe ukiwa bado unakwenda. Vivyo hivyo fremu, pale katikati: ikiliwa hadi kukaribia ekseli, badilisha. Nta pakeni ukingo, si kiatu.

Magurudumu hayana maneno mengi. Huwa madogo, aghalabu milimita 55 hadi 60, na hulika upande wa ndani. Yageuze, ubadilishane la mbele na la nyuma. Yale mawili madogo magumu ya katikati yabaki katikati.

Haya, beringi. Ni aina ya 608: tundu milimita 8, kipenyo 22, unene 7. Ukubwa huohuo unatumika kwenye mota ndogo nyingi, kwa hiyo ulizeni kwa wauza vipuri kabla ya kuagiza ng'ambo. Namba ya ABEC isiwababaishe. Inapima usahihi wa utengenezaji, haisemi itastahimili kishindo kiasi gani. Fungua kifuniko kwa pini, osha kwa mafuta ya taa mbali na moto, kausha kabisa, kisha tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Ukinyeshewa, fanya jioni ileile.

Wanunuzi wa mitumba, hili ni lenu. Kati ya beringi mbili za kila gurudumu hukaa kibomba kidogo cha chuma au plastiki, spesa, na mara nyingi mwenye kiatu wa kwanza alishakipoteza. Kijana wa mbele, niazime kiatu chako. Tazameni: ekseli ikilegea, gurudumu linazunguka vizuri. Nakaza… linagoma. Beringi zinabanwa ubavuni kwa sababu hakuna cha kuzitenganisha. Hapa mafuta hayasaidii kitu, tafuta spesa. Nani mwingine ana gurudumu linalogoma? Lete hapa mezani tulifungue.